Likizo ya Juni, wapelekeni jukwaani

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: likizo ya Juni mwanafunzi wa sekondari aitumie vipi, kwa tuisheni, kwa kazi za nyumbani au kwa kukuza kipaji? Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na kwaya hapa Mwanza. Shule zikifungwa, mimi na walimu wenzangu wachache huwakusanya wanafunzi kwenye ukumbi wa kuazima tukaandaa nao igizo la muziki, yaani igizo ambalo mhusika anasema, anaimba na kucheza ndani ya hadithi moja. Kwa hiyo nina upande katika jambo hili, na jibu langu ni fupi: wapelekeni jukwaani.

Ila naomba nitofautiane mapema na wanaotetea jambo hili kwa kusema kipaji ni ajira. Hoja hiyo ni dhaifu, tena inaumiza watoto. Ukumbi mzima wa vijana huenda usitoe hata mmoja atakayeishi kwa kuimba. Mtoto aliyeahidiwa umaarufu akiwa kidato cha kwanza atajiona ameshindwa maisha kabla hajamaliza cha nne. Mimi nawataka jukwaani hata wasio na sauti nzuri, na pengine hao zaidi.

Sababu yangu ni ukimya. Tazameni safari ya mtoto wa shule zetu za kawaida. Shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili. Januari anavaa sare mpya, anaingia kidato cha kwanza, na karibu kila somo linafundishwa kwa Kiingereza. Darasa limejaa. Mwalimu akiuliza swali, mtoto jibu analo ila maneno hana, na akijaribu anachekwa. Hachelewi kugundua kwamba anayenyamaza hachekwi. Akifika kidato cha tatu ndipo nakutana naye: binti ambaye nyumbani ndiye anayesuluhisha ugomvi wa wadogo zake na kupatana bei na wateja wa mama yake, lakini darasani sauti yake haifiki dawati la pili. Tuisheni haimsaidii huyu. Huko nako anakaa, ananakili, ananyamaza.

Jukwaani hawezi kujificha hivyo. Akipewa nafasi ya mchuuzi, ana maneno yake, na mwenzake hana la kujibu mpaka yeye aseme. Asiposikika kwa waliokaa nyuma kabisa, hadithi imesimama kwa wote. Anasema kwa Kiswahili, mara nyingine kwa Kisukuma au Kikerewe, lugha ambazo anazimudu, kwa hiyo kinachobaki kufundishwa ni pumzi, mwili na ujasiri. Zaidi ya mwalimu mmoja ameniambia kwamba muhula wa pili mtoto fulani ameanza kunyoosha mkono na kujibu kwa Kiingereza chake hichohicho cha kuungaunga. Kiingereza sikumfundisha mimi. Ameshazoea tu kusikia sauti yake mwenyewe mbele za watu.

Wazo hili si geni nchini. Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mradi wa Tuseme, ambao wasichana wa sekondari walitumia sanaa za maonyesho kueleza yanayowakwamisha shuleni. Baadaye FAWE, shirika linalotetea elimu ya wasichana Afrika, likaupeleka katika nchi nyingine za Afrika. Waanzilishi waliiona shida ileile: msichana ana la kusema, hana pa kulisemea.

Na Mwanza tuna utajiri ambao hatuutumii. Mtoto wa hapa anakulia kwaya. Awe Mkatoliki, wa kanisa la AIC au Msabato, anajua kushika sauti yake katika sauti nne, na wengi wanasoma sol-fa, yaani noti za do-re-mi, ubaoni bila kushikwa mkono. Ngoma ameiona, bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe, anaijua hata kama aliitazama tu kwenye mapokezi ya kiongozi. Shuleni kuna ngonjera, sanaa iliyopata nguvu kwa juhudi za Mathias Mnyampala miaka ya 1960, na kuna igizo fupi siku ya mahafali. Shida ni kwamba kila kimoja kinaishi peke yake. Kwenye kwaya mtoto anasimama wima, macho kwa mwalimu, naye hawi mtu mwingine yeyote. Kwenye ngoma mwili wote unafanya kazi lakini hakuna mhusika. Kwenye igizo anasema vizuri, kisha muziki ukianza anaacha kuigiza, anageuka mwanakwaya. Mafunzo ya likizo kazi yake ni kuviunganisha hivi vitatu katika mwili mmoja, na hilo halifanyiki kwa kipindi cha dakika arobaini mara moja kwa wiki. Linataka siku zinazofuatana.

Hata msimu wenyewe ni wetu. Juni mvua zimekatika na mavuno yako ndani. Kwa Wasukuma huu ndio wakati wa ngoma tangu zamani. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo asili yake ni manju, yaani viongozi wa ngoma, wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hushindana kwa kucheza wakati mmoja, kila upande na uwanja wake, na watazamaji ndio waamuzi: watu wanakokimbilia ndiko kwenye ushindi. Nendeni kwenye tamasha la ngoma la Bulabo, pale kituo cha utamaduni wa Wasukuma cha Bujora, Kisesa, kipindi cha sikukuu ya Ekaristi, mkaone. Kituo hicho kilianzishwa miaka ya 1950 na Padri David Clement kutoka Kanada, na mpaka leo ukiwa kwenye uwanja wake unaona watu wazima wakijipanga kwa nidhamu ambayo shule nyingi zingeitamani.

Sisi tumeazima mtindo huo. Wiki ya mwisho tunawagawa vijana makundi mawili, tunawapa onyesho moja, wanalicheza kwa wakati mmoja, kundi hili mwanzo wa uwanja na lile mwisho wake, huku majirani wakizunguka wanakotaka. Mwalimu aseme mpaka akauke koo, hatamfundisha mtoto kama anavyofundishwa na watu wanaomwacha wakaenda upande wa pili. Palepale anajua kwamba sauti imeshuka au amewapa watu mgongo. Ila nasisitiza, hiyo ni wiki ya mwisho tu. Mashindano yakianza mapema, waoga wanakimbia.

Nieleze kazi yenyewe, maana wazazi wengi wanadhani watoto wanakuja kurukaruka. Siku za kwanza skripti haionekani kabisa. Wanalala chini, daftari tumboni, mpaka kila mmoja aone daftari likipanda na kushuka na ajue pumzi ya chini ni ipi. Kisha wanaimba wakitembea, wakipanda ngazi, wakiwa na ndoo ya maji mkononi, hadi wajue pumzi inawakatikia wapi. Mpangilio wa hatua za ngoma unafuata pumzi hiyo: hatua nzito inamalizika kabla ya noti ndefu, na panapoimbwa juu kabisa miguu inatulia. Mtoto akikosea hapo, wimbo mzima unakuwa kuhema.

Wavulana wanahitaji uangalifu wa pekee. Wengi wa kidato cha kwanza sauti zao zinavunjika. Koo linakua, sauti inashuka karibu oktava nzima, na kwa miezi kadhaa hawajui itatokea ipi wakifungua mdomo. Kwaya nyingi huwasukuma moja kwa moja kwenye besi, wakalazimisha. Hiyo ni kuwaharibu. Mpe mvulana wa namna hiyo wimbo wa noti chache zilizo karibukaribu, umshushie ufunguo, umkataze kupiga kelele, na umweleze wazi kinachotokea mwilini mwake. Nimeona wavulana wakiacha kuimba moja kwa moja kwa sababu tu hakuna mtu mzima aliyewaambia kwamba hali hiyo inapita.

Vipaza sauti hatutumii, na muziki wa kwenye flashi hatutumii. Ngoma mbili, kinanda na makofi vinatosha. Kijana aliyezoea kufungua mdomo juu ya sauti iliyorekodiwa hajifunzi kusikiliza wenzake, na kusikilizana ndiko tulikokuja kukutafuta.

Kazi ngumu kuliko zote ni kuwaelewesha kwamba katika igizo la muziki wimbo una kazi ya kufanya. Sheria yetu ni kwamba wimbo ukiisha, jambo liwe limebadilika. Kama unaweza kuutoa na hadithi isidhurike, unatoka, hata uwe mtamu namna gani. Vijana walipoamua kutunga igizo kuhusu mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, waliandika kwanza wimbo wa kusifu ziwa. Ulikuwa mzuri na haukufanya lolote, ukatolewa, na wapo waliolia. Wakakaa tena. Mmoja wao, mtoto wa familia ya wavuvi, akaeleza kuhusu mbalamwezi: dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi haiendi, na siku hizo nyumbani hakuna hela. Humo ndimo wimbo ulimotoka. Mama anaanza akiimba kwamba binti hatarudi shule mpaka giza lirudi, kwa kuwa ada imefutwa lakini sare na madaftari havijafutwa. Binti anaingilia kati na kuhesabu siku za mwezi. Wavuvi wanaotengeneza nyavu pembeni wanaitikia hesabu ile, kila mmoja akifikiria deni lake. Beti la mwisho mama anafungua sanduku na kutoa kitenge alichokuwa ameweka akiba. Hakuna aliyesema "nimebadili mawazo", wimbo ulishasema. Siku ya maonyesho wanawake wa mwaloni waliokuwa wamekaa mbele walianza kuitikia hesabu pamoja na wavuvi bila kuombwa.

Marekani wana mafunzo ya namna hii kwa wanafunzi wa sekondari miaka mingi, kwenye likizo yao ndefu ya kiangazi. Kambi ya Interlochen huko Michigan ilianza 1928 kama kambi ya okestra, ikapanuka ikaingiza maigizo na ngoma. Chuo Kikuu cha Northwestern, jirani na Chicago, kimekuwa kikipokea vijana wa sekondari kila kiangazi tangu 1931. Gharama za huko ni maelfu ya dola, hazituhusu. Kuna jambo moja lakini ninalolipenda: maigizo makubwa ya muziki yana matoleo mafupi ya shule, ya saa moja hivi, yenye funguo zilizorekebishwa kwa sauti changa. Saa moja ndiyo kiasi. Kuyachukua maigizo yao sishauri. Kila moja lina mwenyewe, na kulicheza hadharani kunataka kibali cha kulipiwa. Na mbalamwezi haimo.

Nimeulizwa kuhusu mitihani. Kidato cha pili na cha nne wana mitihani ya taifa Novemba, na kambi zao za masomo za Juni siziingilii. Nazungumzia kidato cha kwanza na cha tatu. Kazi za nyumbani nazo ni za haki. Mama anayeanika dagaa anamhitaji binti yake, ndiyo maana mazoezi yetu ni nusu siku. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ina sanaa, lakini inachukua wachache waliochujwa. Mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya stadi za kazi, ulioanza 2024 umeingiza sanaa katika masomo, jambo jema sana, ila si kila shule inao. Na walimu tunao. Nawafahamu waliosomea muziki na sanaa za maonyesho Chuo cha Ualimu Butimba ambao leo wanafundisha masomo mengine kabisa, nao wakiitwa likizo wanakuja mbio. Mabwalo ya shule yako wazi Juni nzima. Mkuu wa shule akikubali na afisa utamaduni wa halmashauri akijulishwa, gharama inayobaki ni uji wa saa nne, nauli za daladala kwa wanaotoka mbali, na posho ya walimu.

Hofu ya wazazi kuhusu mabinti siidharau, kwa sababu ni ya kweli. Anayekusanya watoto likizo bila mwalimu wa kike, bila barua kwa wazazi, na akawaachia jioni giza likiingia, mnyimeni mtoto wenu. Kabla ya kumwandikisha, nendeni mkaone ukumbi. Muulizeni anayewafundisha alisomea wapi, mazoezi yanaisha saa ngapi na nani anahakikisha wamefika nyumbani. Ombeni kukaa nyuma siku moja mtazame mazoezi. Mwalimu anayekataa ana sababu. Muulizeni pia mtoto asiyejua kuimba atapewa nafasi gani. Mkijibiwa kwamba atavuta mapazia, mpelekeni kwingine.