Barua kwa mwanangu: mazoezi ya kufundisha na leseni ya ualimu

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unaniambia umebakiza mazoezi ya kufundisha tu hapo California, na unauliza kama ukiyamaliza leseni itakuja yenyewe, na kwa nini wenzako waliomaliza mwaka jana bado wanahangaika nayo.

Haiji yenyewe. Na wengi wanaohangaika walifundisha vizuri tu. Kilichowakwamisha ni karatasi iliyoanza safari ikiwa imechelewa. Kwa hiyo shika kwanza yale yanayokwenda taratibu.

La kwanza ni alama za vidole. CTC, ile tume ya jimbo inayotoa leseni, inataka uwe na kibali chake cha mwenendo kabla hujaanza mazoezi. Unachukua fomu yao ya Live Scan, namba 41-LS, unakwenda kituoni, mashine inasoma vidole, majibu yanatoka kwa jimbo na kwa FBI. Kisha unajaza maombi mtandaoni. Wiki nyingi hupotelea hapa: majibu huenda kwa taasisi iliyoandikwa kwenye fomu, basi. Ukienda na fomu ya wilaya ya shule, CTC haitayaona, na itabidi urudi kituoni upya. Vivyo hivyo wilaya inaweza kukudai vyake hata kama CTC wanavyo tayari. Usipoteze pumzi kubishana nao. Maswali ya mwenendo nayo yasome neno kwa neno kabla ya kuyajibu, na uyajibu kwa ukweli. Pamoja na hayo andaa uthibitisho kwamba huna kifua kikuu, shule itauulizia.

Kwenye mitihani, angalia unayemsikiliza. Kuthibitisha kwamba umelimudu somo lako, mtihani wa CSET si njia pekee: tangu 2021 shahada ya fani inayohusika, au kozi zikichanganywa na sehemu za mtihani, vinaweza kukubaliwa. Ule wa CBEST, wa kusoma, kuandika na hesabu, tangu 2024 shahada ya kwanza inatosha badala yake. Na RICA, mtihani wa kufundisha kusoma uliokuwa ukiwatesa walimu wa shule za msingi, ulifungwa katikati ya 2025. Usomaji na uandishi sasa unapimwa ndani ya tathmini ya utendaji. Aliyehitimu miaka mitano iliyopita atakushauri kwa moyo mweupe na atakupoteza.

Sasa mazoezi yenyewe. Programu inakudai saa 600, na ndani yake angalau wiki nne za kushika darasa mwenyewe au kufundisha bega kwa bega na mwalimu mlezi. Mlezi huyo anatakiwa awe na leseni kamili ya somo hilo na uzoefu wa miaka mitatu au zaidi. Msimamizi wa chuo atakuja kukutazama mara 6 kwa muhula, au mara 4 kama chuo chenu kinakwenda kwa robo mwaka. Andika saa zako kila Ijumaa na umpe mlezi asaini hapohapo. Ukisubiri mwisho wa muhula utakuta kahamishwa, au yuko likizo ya uzazi, na hakuna anayekumbuka Oktoba ulikuwa wapi.

Msimamizi akija, macho yake yataanzia kwenye lengo la somo. "Wanafunzi waelewe sehemu" halipimiki. Andika hivi: mwanafunzi alinganishe 1/4 na 1/6 kwa mchoro, aeleze ipi ni kubwa na kwa nini, apate maswali 4 kati ya 5. Sababu ya kuchagua namba hizo unaijua: mtoto wa darasa la tatu atakuambia 1/6 ni kubwa kwa kuwa 6 inazidi 4. Kosa hilo liandike kwenye andalio kabla halijatokea, pamoja na utakachofanya: mistatili miwili inayolingana, mmoja ukatwe vipande vinne, mwingine sita, kisha kipande kimoja kiwekwe juu ya kingine. Andalio lenye kosa linalotarajiwa linamwonyesha msimamizi kwamba unawajua watoto.

Mengine mawili huharibu masomo mazuri. Moja, kugawa karatasi kabla ya kutoa maelekezo. Karatasi ikishafika mezani, masikio yameondoka. Eleza kwanza, mtoto mmoja arudie ulichosema, ndipo ugawe. Pili, kuuliza swali na kulijibu mwenyewe. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alilipima jambo hili madarasani Marekani akakuta walimu husubiri kama sekunde 1. Wakisubiri sekunde 3, majibu hurefuka na watoto wengi zaidi huthubutu. Hesabu kimoyomoyo. Mwanzoni sekunde 3 zitaonekana kama saa nzima.

Halafu CalTPA, ile tathmini ya utendaji niliyoitaja, kama ndiyo chuo chenu kinachoitumia. Ina mizunguko miwili: wa kwanza ni kuwajua wanafunzi na kupanga somo, ukiwachambua watatu kwa karibu, wa pili ni masomo 3 hadi 5 yanayofuatana, yakiongozwa na matokeo ya upimaji wako. Vipande vya video haviruhusiwi kuhaririwa. Kinachowaangusha watu hapo mara nyingi ni sauti: kamera iko nyuma ya darasa, mwalimu anasikika, watoto wananong'ona. Weka kinasa karibu nao na ujaribu siku moja kabla. Fomu za ridhaa ya wazazi zitoke wiki ya kwanza, maana zitarudi kwa kuchechemea, na mtoto asiye na ridhaa umtafutie kiti ambacho kamera haikioni.

Ukivuka yote, chuo ndicho kinachokupendekeza CTC kwa mtandao. Wewe unapata barua pepe, unajibu maswali, unalipia. Kabla ya hapo hakikisha shahada imeshaandikwa kwenye nakala yako ya matokeo. Kumaliza kozi na kuandikiwa shahada ni siku mbili tofauti, na nafasi kati yake inaweza kuwa wiki kadhaa. Jina lako nalo liwe lilelile kwenye kitambulisho, mitihani na maombi.

Utakachopewa ni leseni ya awali, ya miaka 5. Haihuishwi kwa kulipia tu: ndani ya muda huo unamaliza programu ya malezi ya mwalimu mpya, kwa kawaida miaka miwili, ndipo upate leseni kamili. Unapohojiwa kazi, uliza kama wilaya inaigharamia.

Nitumie andalio lako la kwanza kabla msimamizi hajaliona.

Mama yako