Kila homa ni malaria na tifoidi? Jibu kwa mama wa Kadutu

Swali: Jambo Muganga. Niko Kadutu, hapa Bukavu, na mtoto wangu ana miaka mitatu. Mwaka huu nimempeleka mara nne kwa homa kwenye kituo cha afya cha karibu. Kila mara wanatoa damu, wanasema ni malaria na tifoidi, kipimo cha Widal kimetoa TO 1/160, halafu serumu ya kutundikwa na sindano za siku tano. Mara ya mwisho muuguzi hakumgusa mtoto hata kidogo. Nitajuaje kama wanamtunza vizuri? Na niulize namna gani bila kugombana nao, maana kituo cha karibu ni hicho tu?

Jibu: Jambo mama, na pole kwa mtoto. Katika maneno yako yote, lililonishtua zaidi ni hilo la kutoguswa. Mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye homa ana utaratibu wake wa kupimwa. Kwetu Kongo tunauita PCIME, na uliandikwa hasa kwa vituo kama hicho chenu, vyenye muuguzi na mara nyingi bila daktari. Hauhitaji mashine. Muuguzi anakuuliza kama mtoto anaweza kunywa, kama anatapika kila anachokula, kama amepata degedege. Anamwangalia kama yuko macho au amelegea. Kisha anapandisha nguo na kuhesabu pumzi dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Kwa umri wa wako, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11 ni 50. Mwenye kikohozi na pumzi za haraka huenda ana nimonia, na nimonia haionekani kwenye Widal wala kwenye kipimo cha malaria. Anaangalia pia shingo, masikio, weupe wa viganja, na anampima uzito, kwa kuwa dozi ya mtoto hufuata uzito wake. Haya ni ya dakika chache. Kituo kinachoyafanya nakiheshimu hata kama paa lake linavuja.

Sasa hiyo Widal. Kipimo hiki ni cha mwaka 1896, na hakitafuti kijidudu chenyewe cha tifoidi. Kinatafuta askari ambao mwili umewatengeneza dhidi yake. Shida ni kwamba askari hao hubaki kwenye damu miezi mingi baada ya mtu kupona, na wengine wanaofanana nao huzaliwa kwa sababu ya vijidudu vingine vya jamii hiyo, au hata kwa malaria yenyewe. Katika mji ambako bomba linakauka na watu wanachota maji popote wanapoyapata, watu wengi wazima kabisa wanatembea na Widal ya juu. Kwa hiyo TO 1/160, yaani kiwango cha askari hao, iliyopimwa mara moja, kwa tone juu ya kibao, haithibitishi kitu. Kuthibitisha tifoidi ni kuotesha damu kwenye maabara, kazi ya siku kadhaa ambayo vituo vidogo havina uwezo nayo, na hata huko vijidudu hukosekana kwa wagonjwa wengi walio nao kweli.

Usinielewe kwamba tifoidi ni hadithi. Ipo Bukavu, na nimewaona waliofikishwa kwa wapasuaji utumbo ukiwa umetoboka. Lakini tifoidi ni homa inayodumu siku nyingi bila kuachia. Mtoto aliyepata homa jana jioni, akapona, akarudi baada ya miezi miwili na homa mpya, halafu kila mara akaitwa wa tifoidi, mimi ninashuku kipimo kabla ya kumshuku mtoto. Tena kila sindano ya antibiotiki isiyo ya lazima inawafundisha vijidudu kuishi na dawa ile, na siku tutakapoihitaji kweli haitafanya kazi.

Kwa malaria, kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidole kinatoa jibu baada ya dakika 15 hadi 20, na ni kizuri. Kina tabia moja: kinaweza kuendelea kuonyesha mstari wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa. Kama alimaliza dawa majuma mawili yaliyopita, mwambie muuguzi, ili apime kwa darubini, ile GE. Na malaria isiyo kali, kwa mtoto anayekunywa na asiyetapika, inatibiwa kwa dawa ya kumeza siku 3. Serumu haimwongezei nguvu. Najua mtaani tunaamini kwamba asiyetundikiwa chupa hakutibiwa, na wauguzi nao wanajua kwamba tunaamini hivyo.

Hapo kuna jambo la pesa, na ni lazima nilitaje. Wauguzi wengi hawapati mshahara wa serikali, au wanapata kidogo, kwa hiyo kituo kinaishi kwa fedha za fishi (kadi ya mgonjwa), za maabara na za dawa. Karatasi ndefu ya dawa inalipa kuliko dakika tano za kuhesabu pumzi. Simtetei mtu kwa hilo, ila ndiyo sababu nakushauri uulize kwa upole, kwa kuwa mara nyingi unayemuuliza ni mtu aliyechoka.

Sema hivi: "Samahani, unaweza kumhesabia pumzi?" Au: "Malaria imeonekana kwenye kipimo, au ni dalili tu?" Au: "Kama tungeacha Widal leo, tungeona nini kesho?" Muuguzi mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Weka fishi zote nne, na tarehe zake. Mambo yasipobadilika, nenda nazo kwa muuguzi mkuu, titulaire, asubuhi ambapo foleni bado ni fupi. Baada yake kuna CODESA, kamati ya wakaaji wa eneo lenu la afya, na ofisi ya zone de santé ambako daktari mkuu wa zone ndiye msimamizi wa kituo hicho. Kumpelekea neno ni haki yako.

Ikiwa mtoto bado yuko kwenye sindano unaposoma haya, usizikate peke yako. Mrudishe na uulize kwa nini alianzishiwa. Na siku atakaposhindwa kunywa, akatapika kila kitu, akapata degedege au asiamke vizuri, usianze mazungumzo ya Widal. Mpeleke hospitali kuu saa hiyo hiyo, hata usiku.