Msiniletee mshahara bila tija

Nchi yenye mishahara midogo si ndiyo inayozalisha kwa bei rahisi?

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara muulizaji ana tarakimu moja tu mkononi. Mshahara haukuambii kitu mpaka uugawe kwa kazi iliyotoka. Chukua mashati. Katika nchi ya kwanza, saa moja ya mshonaji inamgharimu mwajiri dola 2, na linatoka shati 1. Katika nchi ya pili saa ni dola 9, lakini kila mshonaji anatoa mashati 6. Kazi ya shati moja ni dola 2 kule kwa mishahara midogo, na dola 1.50 kwa wanaolipwa vizuri. Tena hatujagusa kasoro. Yakikataliwa mashati 10 katika kila 100, gawa 2 kwa 0.9: kila shati linalouzika limekula dola 2.22 za kazi, mbali na kitambaa kilichoharibika.

Basi wale wa shati moja ni wavivu?

Hapana, na naomba neno hilo lisirudi hapa. Mshonaji anayeisubiri kola imfikie, au umeme urudi, analipwa dakika zilezile na hatoi kitu. Tija, yaani kazi inayotoka kwa kila saa, hukaa kwenye mashine, mpangilio wa kazi, vipuri na matengenezo kabla ya kukaa kwenye mikono ya mtu. Mwaka 1913 na 1914 kiwanda cha Ford kilipunguza muda wa kuunganisha chasisi moja ya gari kutoka takriban saa 12 na nusu hadi kama saa 1 na nusu, kwa kuifanya chasisi iende kwa mfanyakazi badala ya mfanyakazi kuifuata. Mwaka huohuo wa 1914 kikatangaza ujira wa dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya uliokuwapo, na bei ya gari ikaendelea kushuka.

Ninalinganisha mishahara ya mwezi ya nchi mbili. Nianzie wapi?

Anza kwa kuutupa mwezi, tumia saa. Tuseme mshahara wa msingi ni dola 240. Ongeza mchango wa mwajiri wa hifadhi ya jamii na posho za usafiri na chakula, tuseme dola 72, ifike 312. Sasa usigawe kwa saa 208 za kwenye mkataba. Toa sikukuu, likizo ya malipo, siku za ugonjwa na saa ambazo mitambo ilisimama; zikibaki 160, saa moja ya kazi halisi ni dola 1.95. Aliyegawa kwa 208 amepata 1.50 na tayari amekosea kwa karibu robo.

Na tija usiipime kwa mauzo. Kiwanda kinachonunua kitambaa cha dola 3 na kuuza shati dola 5 hakijazalisha dola 5. Toa kitambaa, uzi, vifungo na umeme kwanza.

Sarafu inahusika vipi?

Sana. Septemba 1985 dola moja ilikuwa takriban yen 240; kufikia mwisho wa 1987 ilikuwa chini ya 130. Mfanyakazi wa Japani ambaye hakuongezwa hata yen moja alikuwa amepanda bei karibu maradufu machoni mwa mnunuzi wa Marekani. Anayeweka bei ya mkataba wa miaka mitatu kwa kiwango cha leo cha kubadilisha fedha anacheza kamari.

Nchi iliyo nyuma katika kila kitu itauza nini?

David Ricardo, mwanauchumi wa Uingereza, alilijibu hili mwaka 1817. Katika mfano wake, nguo inahitaji kazi ya watu 100 kwa mwaka Uingereza na 90 Ureno. Divai, 120 na 80. Ureno iko mbele kote. Lakini tia mishahara ndani ya hesabu, jambo ambalo wengi hulisahau. Ureno ikimlipa kila mtu 1 kwa mwaka na Uingereza 0.8, nguo ya Uingereza inagharimu 80 dhidi ya 90, divai 96 dhidi ya 80. Uingereza inauza nguo. Ikijilipa 0.95, nguo inakuwa 95 na haiuzi chochote. Ikishuka hadi 0.6, inauza vyote viwili, wafanyakazi wanagombaniwa na ujira unapanda. Kwa hiyo pengo la tija ndilo linaloweka mipaka ya mshahara: hapa, kati ya 0.67 (80 gawa kwa 120) na 0.9 (90 gawa kwa 100). Waziri anayetaka mishahara ya jirani bila mitambo ya jirani asome mstari huu mara mbili.

Kima cha chini kikipanda asilimia 20, bei itapanda asilimia 20?

Hapana. Ikiwa kazi ni asilimia 10 ya gharama zote, zidisha: gharama imepanda asilimia 2.