Wasifu wa Fundi Ambaye Hajaajiriwa

Mdogo wangu wa Masasi, umeuliza uandike nini katika wasifu wa kuombea kazi (CV) wakati umemaliza mafunzo ya umeme katika chuo cha ufundi cha VETA Mtwara na hujawahi kuajiriwa. Usiandike kwamba huna uzoefu, kwa maana mafunzo kwa vitendo ni uzoefu: eleza ulifunga nyaya za nyumba ngapi, ulipima nini kwa mita na ulirekebisha hitilafu gani, kwa sababu msimamizi wa kiwanda cha korosho anatafuta mtu wa kuwasha mashine iliyozimika, wala neno "mchapakazi" halimwonyeshi hilo. Barua ya maombi inayoambatana na wasifu isizidi ukurasa mmoja. Ama nyaraka za kiufundi, yaani maelezo ya kazi ambayo fundi mwingine atayafuata, jizoeze hivi: andika hatua za kubadilisha fyuzi, ukianzia kuzima umeme, kisha mpe fundi mwenzako azifuate huku umenyamaza. Atakapokwama, hapo ndipo pa kuandika upya.