Kamba Imepita Wapi?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama karantini ilianzishwa ili kuwaponya watu au kuwatawala. Najua swali hili hukulitoa vitabuni tu. Bado zinakukaa rohoni zile siku 14 za mwaka 2021 ulizofungiwa katika chumba cha hoteli, sinia la chakula likiachwa mlangoni, na mgeni wa chumba cha mkabala akiondoka siku ya tatu baada ya kupiga simu moja.

Kuponya tukuweke kando kwanza. Mgonjwa hutengwa na kutibiwa. Karantini ni ya mtu anayeonekana mzima, ambaye huenda ugonjwa umejificha mwilini mwake. Mwaka 1377 mji wa bandari wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik huko Kroatia, uliamuru kwamba atokaye penye tauni asiingie mjini mpaka akae mwezi mzima kwenye kisiwa cha Mrkan au katika mji mdogo wa Cavtat. Baadaye siku ziliongezwa zikafika 40. Kwa Kiitalia arobaini ni quaranta, na jina likatoka hapo. Habari za viini hakuna aliyezijua.

Watu wa Ragusa nawasifu kwa jambo moja: bandari hawakuifunga. Walikuwa wafanyabiashara, walitaka meli zije, ila zisubiri. Na aliyesubiri aliijua siku yake ya kutoka. Venice nayo ikafungua kisiwa cha wagonjwa mwaka 1423, na mwaka 1468 kingine cha wanaosubiri. Hata barua zilizotoka sehemu kama hizo zilitobolewa, zikafukizwa moshi au kuchovywa kwenye siki kabla ya kumfikia mwenyewe. Hii yangu ingekufikia inanuka achari!

Sasa njoo San Francisco, mwaka 1900. Mwezi Machi mwili wa mwanamume Mchina ulikutwa na dalili za tauni, na mara polisi wakazungushia kamba mtaa wa Wachina. Wazungu waliokuwa ndani wakaruhusiwa kutoka. Kamba iliondolewa baada ya siku chache, ikarudi mwishoni mwa Mei. Itazame ilivyopita: ikifika kwenye duka la Mchina inalizunguka na kuliingiza ndani, ikifika kwenye jengo la Mzungu lililo jirani, inapinda na kuliacha nje. Utadhani panya wanaoeneza tauni waliulizia kwanza rangi ya mwenye nyumba. Mwenye duka la vyakula, Jew Ho, akaenda mahakamani. Mwezi Juni Jaji William Morrow akaamua kwamba karantini ile inatumika kwa ubaguzi, tena kuwarundika maelfu ya wazima pamoja na wanaoshukiwa kunaweza kuueneza ugonjwa badala ya kuuzuia. Kamba ikatolewa.

Usishangilie haraka, lakini. Tauni ilikuwepo kweli. Gavana wa California, Henry Gage, aliikana kwa nguvu zake zote, akiogopea biashara ya jimbo, na watu wakaendelea kufa hadi 1904. Huyo naye alitawala, bila kamba.

Cape Town, 1901, sitaki kukuchosha nayo, ila uijue. Tauni iliingia kwa bandari wakati wa Vita vya Makaburu. Waafrika kwa maelfu waliondolewa mjini chini ya ulinzi wa askari wakapelekwa Uitvlugt, nje ya mji, palipokuja kuitwa Ndabeni, ingawa wengi wa waliougua hawakuwa wao. Tauni ikaisha. Watu hawakurudishwa. Mwaka 1902 ikatungwa sheria ya kuwabakiza huko huko.

Kwa Mary Mallon ndipo ninaposita. Alikuwa mpishi huko New York, amebeba viini vya homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kuumwa. Mwaka 1907 alishikwa akawekwa kisiwani, mwaka 1910 akaachiwa kwa ahadi ya kutopika tena, na mwaka 1915 akakutwa anapika katika hospitali ya wazazi kwa jina la bandia. Akarudishwa kisiwani, akakaa mpaka alipofariki mwaka 1938. Alikosea, na watu waliumwa kwa chakula cha mkono wake. Lakini wabebaji wengine walijulikana na wakaishi makwao. Tena alipoachiwa kazi aliyopata ilikuwa ya kufua nguo, yenye mshahara mdogo kuliko wa jikoni. Ukimwambia mtu aache kazi inayomlisha, ni nani atakayemlisha? Hilo wenye mamlaka huwa hawalipangi mapema, na baadaye hushangaa mtu akikimbia.

Sasa turudi kwako. Yako ilikuwa na tarehe ya kutoka, na sinia lilikuja kila siku, hata kama wali ulikuwa wa baridi na dirisha halifunguki. Kwa hayo mawili siwezi kusema ulionewa. Bila ya wewe kujua, huenda kuna bibi wa mtu aliyepona kwa sababu ulikaa. Anayenikera ni yule jirani. Alikuja kwa ndege ile ile uliyokuja nayo, amevuta hewa ile ile, na kamba ikampindia.

Hujaniambia kama uliwahi kujua alimpigia nani.

Mama yako