Frankenstein: mbona milima mingi hivyo?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza riwaya ya Frankenstein. Nilitarajia makaburi na giza, nikakuta milima na maziwa. Kwa nini? – Msomaji, Tanga

Jibu: Marahaba mwanangu. Giza limo. Victor Frankenstein, kijana mwanasayansi, anaokota mifupa ya maiti ili aunde kiumbe, anajifungia chumba cha juu kule Ingolstadt, Ujerumani, na usiku mmoja wa Novemba, mvua ikinyesha na mshumaa ukikaribia kuzimika, kiumbe anafumbua jicho la manjano. Huo ni ugothi mtupu, yaani mtindo wa hadithi za giza na kutisha.

Lakini Mary Shelley alianza kuitunga mwaka 1816 kando ya ziwa Geneva, akiwa na miaka 18, katikati ya washairi wa ulimbwende, yaani mkondo wa fasihi uliotukuza hisia na maumbile ya asili. Kwao mlima haukuwa pambo. Soma tena pale kwenye barafu karibu na mlima Mont Blanc: Victor amepanda kutafuta faraja, na hapohapo kiumbe anamjia, akidai asikilizwe. Tena anasema kwa ufasaha! Alijifunza upendo kwa kuchungulia familia maskini kupitia ufa wa ukuta wa kibanda alimojificha, akiwaokotea kuni usiku kwa siri. Walipomwona, mmoja wao akampiga. Sura hizo ndizo zinazoniliza, kuliko mauaji yote. Ukirudia kusoma, anzia kibandani hapo.