Jibu: Mwajiri Kanada anamkata mdogo wangu mshahara kufidia LMIA

Dada, pole sana. Umeuliza kama bosi wa hoteli anaruhusiwa kumkata mdogo wako mshahara kufidia ada ya LMIA (tathmini ya serikali ya Kanada ambayo mwajiri huiomba kabla ya kuajiri mgeni), na kama serikali huwagusa waajiri wa namna hiyo.

Haruhusiwi hata kidogo. Ile ada ya dola 1,000 ni ya mwajiri kulipa, na sheria inamkataza kuirudisha kupitia mfanyakazi, iwe kwa makato au kwa kudai pesa taslimu pembeni. Tangu Desemba 2015 kosa moja linaweza kumtoza faini ya dola 500 hadi 100,000, na anaweza kufungiwa kuajiri wageni kwa miaka kadhaa au daima. Jina lake pia huwekwa kwenye tovuti ya serikali, kila mtu alione.

Ila msikae kungoja mkaguzi. Mwaka 2017 Mkaguzi Mkuu wa Kanada mwenyewe alilalamika kwamba wakaguzi wa serikali walitembelea sehemu za kazi mara chache na hawakuwahoji wafanyakazi ipasavyo. Kwa hiyo ushahidi autunze mdogo wako mwenyewe: apige picha kila slipu ya mshahara, mkataba, na meseji za bosi, kisha azitume kwako pia.

Halafu aombe kibali cha wazi cha kazi kwa wanaonyanyaswa, yaani kibali kisichomfunga kwa mwajiri mmoja. Kipo tangu 2019, hakina ada. Aombe angali ndani ya Kanada na kibali chake cha sasa kikiwa hai, maana kikiisha mambo yanakuwa magumu. Na hizo kelele za "nitakurudisha kwenu" zisimtishe. Bosi hana mamlaka ya kumfukuza mtu nchini.

Kibali chake kinaisha lini?